Mama Karai na Moto wa Mchana

Kabla ya habari za dizeli kuingia sokoni, mafuta machafu hayakuwa na mwenyewe. Wakaanga viazi na wakaanga samaki waliyatumia hadi yakawa meusi tititi, kisha wakayamwaga mtaroni au wakampa yeyote aliyeomba: seremala akapake mbao zisiliwe na mchwa, mwenye mkokoteni akalainishe ekseli yake. Hakuna aliyemshukuru mtu kwa mafuta hayo, na hakuna aliyemtoa mwenzake damu kwa sababu yake.

Mama Karai alikaanga viazi kwenye kona ya pili kutoka lango la soko. Jina alipewa na wateja kwa ajili ya karai lake, pana kama beseni la kuogeshea mtoto, alilokaa nalo ana kwa ana tangu asubuhi hadi jua linazama. Alikuwa mjane, mwanamke wa miraba minne, asiye na mtoto, mwenye madoa madogo ya kuungua kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Ulimi wake ulikuwa mkali na kofi lake halikukaa mbali na ulimi. Mlevi mmoja aliwahi kumshika kiuno akiwa ameinama. Alizabwa kofi moja tu, akaenda kukaa kitako ndani ya ndoo ya viazi vilivyomenywa. Wateja walicheka mpaka wakasahau chenji. Mama Karai hakucheka. Alimtoa mlevi ndooni, akaviosha viazi upya, akaendelea na kazi.

Ndugu pekee aliyebaki naye duniani alikuwa mdogo wake wa kiume. Huyo walimwita Mitambo, kwa sababu tangu utotoni hakuona kitu chenye skrubu akakiacha kizima. Walikuwa tumbo moja lakini hungedhani. Mitambo alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kusema "samahani" hata akikanyagwa yeye, na alikuwa na vidole virefu vilivyoweza kutoa nati mahali ambapo spana haifiki. Gereji alimokuwa akifanya kazi ilipofungwa, alikuja kukaa chumba cha nyuma kwa dada yake, akawa analala mchana na kuangalia dari.

Jioni moja alitoka chumbani akamkuta dada yake anainamisha karai mtaroni.

"Dada, usimwage. Hiyo ni dizeli."

"Na mimi basi ni kisima cha petroli."

"Sikutanii. Kule gereji tulikuwa na fundi aliyetengeneza. Unayachuja, unayapasha moto, unachanganya na spiriti kali na kostiki ya kutengenezea sabuni, unaacha yatulie. Juu inakaa dizeli, chini unabaki uchafu. Lori linatembea."

Mama Karai hakuelewa nusu ya maneno hayo. Alichoelewa ni kwamba mdogo wake alikuwa amesimama wima, macho yanang'aa, kwa mara ya kwanza tangu gereji ifungwe. Akaliweka karai chini bila kumwaga.

Wakajenga banda nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa choo na kamba za nguo za jirani. Paa la mabati, kuta za mbao za makasha, sakafu ya udongo. Ndani kulikuwa na mapipa matatu. La kwanza lilikaa juu ya jiko la mkaa, hilo la kupashia mafuta. La pili lilikuwa na bomba chini, la kutenganishia. La tatu, la buluu, lilisimama kona ya mbali kabisa na jiko, na Mitambo alikataza mtu yeyote kulisogelea. Ndilo la spiriti.

"Hii si ya kunywa na si ya kuchezea," alimwambia dada yake. "Mvuke wake unatambaa chini kama nyoka. Ukikutana na moto, umekwisha. Na ikiwaka mchana huioni."

"Moto gani hauonekani?"

"Huu."

Mama Karai aliguna. Alikuwa amekaa na moto maisha yake yote, akadhani wanajuana.

Lori la kwanza kunywa dizeli yao lilikuwa la rafiki yake Mitambo, dereva wa mchanga. Liliwaka, likatembea, na moshi wake ukanuka viazi vya kukaanga. Dereva alirudi akilalamika kwamba kila akiendesha njaa inamuuma. Walicheka siku nzima. Kwa miezi michache ile kicheko hakikukauka ndani ya nyumba, na Mitambo alinenepa hata mashavu.

Shida ya kwanza ilipitia mtaroni. Ule uchafu uliobaki chini ya pipa ulikuwa mzito kama uji uliolala, na wao waliumwaga palepale walipozoea kumwaga kila kitu. Ukaganda. Mvua iliponyesha, mtaro ulifurika, na maji yenye utelezi na kostiki yakaingia kwa jirani, mwanamke mfupi aliyefua nguo za watu, aliyeitwa Dobi hata na mume wake alipokuwa hai. Mashuka ya nyumba ya wageni yaliyokuwa kwenye mabeseni ya chini yalitoka na mabaka ya manjano. Miguu yake Dobi, aliyesimama humo akizibua mtaro, ilichubuka hadi ikatoa maji.

Alikuja kwa Mama Karai na shuka moja mkononi.

"Jirani, angalia. Nitawaambia nini wenyewe?"

Angemjibu vizuri yangeisha. Wanawake wale walikuwa wameazimana chumvi na kiberiti miaka na miaka. Lakini asubuhi ileile dereva wa mchanga alikuwa amefika na mipira ya kupitishia mafuta ya lori lake imevimba na kulainishwa na dizeli yao, injini imezima mlimani na mzigo juu, akampiga Mitambo ngumi ya mdomo mbele ya watu. Mama Karai alikuwa bado na hasira ile, haijapata pa kwenda.

"Mtaro ni wa wote," alisema. "Kama miguu yako ni ya mayai, kaa ndani."

Dobi alimtupia shuka usoni. Kilichofuata hakikuwa cha majirani. Mama Karai alimkamata nywele, akamkokota hadi kwenye tope lilelile, akampiga magoti ya mbavu, na Dobi, mfupi hivyo hivyo, akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na mfupa. Mitambo aliwatenganisha akilia. Tangu siku hiyo wanawake wale walianika nguo zao wakipeana kisogo.

Shida ya pili ilikuwa na miguu miwili, na iliitwa Kigongo.

Ng'ambo ya mji palikuwa na karakana kubwa ya dizeli ya namna hiyo, yenye ukuta na geti, na karakana kubwa ina tumbo kubwa. Mafuta machafu ya mji mzima hayakuitosha. Mwenye karakana hakuonekana sokoni hata siku moja. Aliyeonekana ni Kigongo, mwanamume mnene wa shingo, aliyebeba mpini wa jembe begani kama wengine wanavyobeba mwavuli, na vibaraka wake wawili wenye madumu. Alipita kwa kila mkaangaji. Mwanzoni aliomba. Baadaye aliacha kuomba. Mkaanga samaki, mzee mwenye kikohozi, alisema mafuta yake ameshamwahidi Mama Karai. Walipindua meza yake, wakamvunja mkono kwa ule mpini, mbele ya samaki wake waliolala mavumbini. Mkaangaji mwingine, kwa woga, alianza kuwapa mafuta ambayo hayajachakaa, akabaki hana ya kukaangia. Mafuta mapya nayo yakaadimika madukani, maana kila mtu alikuwa ananyang'anyana na mwenzake.

Kigongo alifika kona ya pili saa ya wateja wengi. Mitambo alikuwa ameinama nyuma ya karai, anafunga dumu.

"Mama, habari za kazi," alisema Kigongo.

"Kazi ipo. Sogea, unaziba wateja."

"Nasikia na wewe una kiwanda. Mafuta ya soko hili ni ya kwetu. Na hilo dumu ni letu."

"Hilo dumu nimelijaza kwa jasho langu. Kalijaze la kwako kwa mate."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichoharibu. Kigongo hakumgusa Mama Karai. Alimgeukia Mitambo, akamtia mpini wa mdomo, mara ya kwanza, mara ya pili. Mitambo alianguka juu ya dumu, meno mawili yakatoka na kamasi za damu. Akasema, kwa mazoea yake, "Samahani." Kigongo akainua mpini mara ya tatu.

Mama Karai alikuwa na upawa mkononi. Aliuchovya ndani ya karai, kwenye mafuta yaliyokuwa yanatokota, akaumwaga wote kwenye mkono ule ulioinuliwa.

Sauti aliyoitoa Kigongo iliwanyamazisha hata wauza kuku. Ngozi ya mkono ilijikunja kama nailoni. Vibaraka wake walimshika kwapani wakaondoka naye mbio, na yeye akageuza shingo akiwa anaburutwa.

"Nitakuchoma," alisema. Hakupiga kelele. "Wewe na hilo banda lako. Nitakuchoma."

Mama Karai alirudisha upawa karaini, akageuza viazi. Usiku tu ndipo aliposikia mdogo wake akisukutua damu kwenye bakuli, akajifunika kanga hadi kichwani.

"Dada, tuache," Mitambo alimwambia asubuhi. "Nitatafuta kazi hata ya kubeba matofali."

"Tuache ili waseme tumefyata mkia?"

"Ndiyo. Waseme."

"Hawasemi," alisema Mama Karai, na ndivyo ikawa imeamuliwa.

Siku chache baadaye Kigongo alikuja na mkono umefungwa bendeji, jua la utosini, wakati mtaa umejaa watu na hakuna anayetegemea ubaya. Mama Karai alikuwa anaingia uani na madumu mawili. Aliona mlango wa banda umeng'olewa, na vibaraka wawili wamesimama nje wanachungulia wakitabasamu. Ndani, Mitambo alikuwa anapiga kelele kwa sauti ambayo dada yake hajawahi kuisikia.

"Usipige hilo! Kaka, nakuomba! Jiko linawaka! Toka, tutoke wote!"

Kigongo alikuwa na shoka katika mkono wake mzima. Ni wazi alidhani ile ni hofu ya mtu anayelilia mali yake. Akalipiga pipa la buluu tumboni. Spiriti ilichupa kama mkojo wa ng'ombe, ikamlowesha suruali, ikatapakaa sakafuni. Mitambo hakukimbia. Aliruka akaliziba lile tundu kwa viganja vyake viwili, spiriti ikimtiririka hadi viwikoni, akimtazama Kigongo, akisema, "Jiko. Mwaga maji kwenye jiko. Jiko!"

Kilisikika kishindo kidogo, kama mtu anayekung'uta blanketi. Basi.

Hapakuwa na mwali. Mama Karai, aliyekwisha kufika mlangoni, aliona hewa tu inacheza, kama inavyocheza juu ya lami wakati wa joto. Kisha akamwona Kigongo anaanza kucheza. Alijipiga mapaja, akaruka mguu huu na ule, akazunguka, akatoka nje ya banda akijipiga kofi tumboni. Vibaraka wake walipasuka kwa kicheko. Walidhani amepandwa na siafu. Walicheka mpaka shati lake lilipoanza kujikunja lenyewe na kuanguka vipande, na nyusi zake zikapotea, na ngozi ya shingo ikabadilika rangi mbele ya macho yao, mchana kweupe, bila moto wowote. Hapo kicheko kikageuka yowe, wakaruka ukuta, hawakuonekana tena.

Mitambo alitoka nyuma yake, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba sinia. Hakulia. Aliitazama mikono yake kwa mshangao. Vidole vilikuwa vinajikunja polepole.

Mama Karai alimkumba, akamwinua kama mtoto, akaichovya mikono yote kwenye pipa la maji ya mvua hadi mabegani. Akaishikilia humo. Nyuma yake Kigongo alikuwa ameanguka.

"Mama! Nizime! Mama, nizime!"

Aligeuka akamtazama. Ndoo ilikuwa pale miguuni pake, na maji yalikuwa tele. Alisimama. Kigongo alimwita tena, akajikunja, akaita, na Mama Karai akasimama vilevile, ameshika mikono ya mdogo wake ndani ya maji, akitazama.

Aliyefika ni Dobi. Alipita chini ya kamba za nguo na beseni zima la mashuka mabichi, miguu yake ile yenye makovu ikiteleza, akamtupia Kigongo shuka la kwanza, la pili, la tatu. Yalitoa mvuke. Naye Dobi akaungua kiganja na kipaji cha uso, akatukana matusi yasiyoandikika.

"Wewe mwanamke! Umesimama kama nguzo! Shika upande huo!"

Ndipo Mama Karai aliposhika. Wakamviringisha Kigongo, wakamkokota kuelekea barabarani, Mitambo akiwafuata, na hawajafika pipa la mafuta likashika moto. Huo sasa ulionekana. Ulipanda mwekundu na moshi mweusi juu ya mabati, ukala banda, ukala chumba cha nyuma na cha mbele, ukala kamba za Dobi na nguo za watu zilizokuwa juu yake. Majirani walirusha mchanga na maji hadi alasiri. Walipomaliza, karai lilikuwa limebaki peke yake katikati ya majivu, limepasuka.

Kigongo hakudumu. Alifia hospitali, na Mama Karai alikuwepo koridoni, kwa sababu Mitambo alilazwa chumba cha pili. Mama mzazi wa Kigongo alitoka akishika ukuta. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mkavu, amevaa kandambili.

"Wewe ndiwe uliyemmwagia mwanangu mafuta?"

"Mafuta ya mkono ni mimi, mama. Lakini ule moto wa bandani..."

"Nimekuuliza mkono!"

"Ni mimi."

Bibi alivua kandambili, akampiga nayo usoni. Akampiga tena, ya shavu, ya sikio, ya mdomo, akilia jina la mwanawe alilompa yeye, ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Mama Karai, ambaye hakuwahi kupigwa bila kurudisha, aliiweka mikono yake nyuma akafungamanisha vidole. Wauguzi walipofika, alikuwa anatoka damu ya pua, na bibi alikuwa ameegemea kifuani kwake, amechoka, kandambili bado iko mkononi.

Alirudi akakaa kando ya kitanda cha mdogo wake. Mikono ya Mitambo ilikuwa imefungwa bendeji hadi ikawa kama magunia mawili madogo.

"Dada," alisema Mitambo baada ya muda. "Pale pipani. Ulikuwa hujamsikia?"

"Nilimsikia."

"Sasa?"

Mama Karai alijifuta pua kwa pindo la kanga. "Nilitaka aungue."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Mimi nilimwita kaka," alisema Mitambo. "Nilidhani nikimwita kaka atasikia." Kisha akageuza uso kwenye mto, na dada yake akamwacha alie, kwa sababu hakuweza kujifuta machozi na hakutaka kufutwa.

Polisi walimchukua Mama Karai kwa siku kadhaa, kwa ule upawa wa mafuta na kwa kuweka banda la hatari kati ya nyumba za watu. Wakaanga wa soko zima walikwenda kusema, hata mzee wa samaki na mkono wake wa plasta, na mwisho wakamwachia kwa onyo. Mwenye karakana kubwa hakuitwa popote. Ukuta wake upo, geti lipo, na sokoni siku hizi anapita mtu mwingine mwenye madumu, asiye na mpini, lakini wakaangaji wanampa bila kuulizwa.

Mitambo alibaki na vidole vitatu vinavyofanya kazi, viwili mkono huu na kimoja ule. Kwa vidole hivyo vitatu alijifunza kushika kikombe, kufunga kifungo, na kumwelekeza mtu mwingine namna ya kufungua injini. Alikataa kuzungumzia dizeli. Dobi, kwa kuwa vyumba vya jirani yake vilikuwa majivu, alisema, bila kutazama mtu, kwamba chumba chake cha pembeni hakina mpangaji. Hawakuombana msamaha. Asubuhi ya kwanza Dobi alisogeza beseni moja mbele ya Mama Karai na kipande cha sabuni, na tangu hapo wakafua pamoja, mmoja anafikicha, mwingine anasuuza.

Karai jipya Mama Karai hakununua. Alisema mafuta yakichemka anasikia watu wakiita. Na ulimi ulibaki ule ule, lakini kofi lilipotea. Watoto wa mtaani walimjaribu, wakaona kweli limepotea.

Isipokuwa mara moja. Bwana mmoja aliyevaa vizuri alikuja uani, akavuka mabeseni, akamsimamia Mitambo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda.

"Wewe ndiye fundi wa dizeli? Nina kiwanja, nina mapipa, nina kila kitu. Huhitaji kushika chochote, ndugu yangu. Wewe utakaa tu na kutuelekeza."

Mama Karai aliinuka na suruali ya jinzi aliyokuwa anaikamua, nzito kwa maji, akamshukia nayo. Ya mgongo, ya kisogo, ya mgongo tena, yule bwana akipiga mbio kuelekea barabarani na viatu vyake vimejaa povu, Mitambo akicheka mpaka pengo la meno linaonekana, na Dobi akikimbia nyuma yao mikono hewani.

"Suruali ya watu hiyo! Mwanamke wewe, suruali ya watu!"